Kidole kikikataa kunyooka, usisubiri kesho

Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, Rwanda, ulio jirani na mpaka wa Goma, riziki ya wengi iko mikononi. Kuna anayebeba magunia ya karoti na vitunguu kuelekea kivuko cha mpaka cha Petite Barrière, fundi anayepigilia mabati, kijana anayepanga mawe meusi ya volkano kujenga ukuta, na mama anayesafisha samaki wa Ziwa Kivu. Msumari, waya, ncha ya jiwe au mwiba wa samaki ukimchoma mtu kidoleni, hufuta damu kwenye nguo akaendelea na kazi.

Mara nyingi kidonda hupona chenyewe. Hatari ipo pale kitu chembamba kinapozama upande wa kiganja, hasa kwenye mikunjo ya kidole, ambako ngozi na kano havijaachana sana. Kano zinazokunja vidole hupita ndani ya ala nyembamba yenye ute kidogo wa kuzilainisha. Damu haifiki humo kwa wingi, hivyo bakteria, mara nyingi stafilokoka wanaoishi kwenye ngozi zetu wenyewe, wakishaingia huzaana bila kuzuiwa. Usaha hujaa, ala haitanuki, na shinikizo hubana mishipa midogo inayoilisha kano. Kano inaweza kuanza kufa ndani ya siku moja au mbili. Ala za kidole gumba na kidole cha mwisho kwa kawaida huendelea hadi karibu na kifundo cha mkono, kwa hiyo usaha ulioanzia huko waweza kuvuka kutoka upande mmoja wa kiganja hadi mwingine.

Allen Kanavel, daktari wa upasuaji wa Chicago, aliandika kitabu kuhusu maambukizi ya mkono mwaka 1912, miongo kadhaa kabla penisilini haijafika hospitalini. Dalili alizoeleza ndizo madaktari wanazozitafuta hata leo. Kidole chote huvimba, si ncha peke yake. Hubaki kimejikunja kidogo, kwa kuwa hivyo ndivyo kinavyouma kidogo. Ukibonyeza upande wa kiganja kufuata njia ya kano, mgonjwa hushtuka. Na mtu mwingine akijaribu kukinyoosha, hata taratibu, maumivu hayavumiliki. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka kila nyumba iijue, kwani mara nyingi hutangulia nyingine. Zote nne si lazima zitimie ndipo uende kwa daktari.

Wengi huona ni mdudu wa kidole tu. Wanakichovya kwenye maji ya moto, wanakipasua kwa wembe, au wananunua vidonge vichache vya antibiotiki dukani. Ninaelewa sababu: siku bila kazi ni siku bila chakula. Lakini wembe huingiza bakteria wengine na waweza kukata neva, na vidonge vichache hupunguza homa huku usaha ukiendelea ndani.

Hospitalini, mgonjwa aliyewahi hupewa antibiotiki kwa mshipa, mkono ukafungwa kwenye banzi na kuinuliwa, na hali yake ikafuatiliwa kwa karibu. Asipopata nafuu upesi, au akija amechelewa, hupelekwa upasuaji. Daktari anaweza kufungua vipenyo viwili vidogo, kimoja kiganjani na kingine karibu na ncha ya kidole, akapitisha mrija na kuisafisha ala kwa maji ya chumvi. Kano ikishaoza, kidole hubaki kigumu, na wakati mwingine hukatwa. Baada ya upasuaji, mazoezi huanza mapema, maana kidole kisichotikiswa hushikana na kovu. Mwenye kisukari asisubiri hata kidogo. Vivyo hivyo aliyepiga ngumi ikagonga jino la mtu: bakteria wa kinywani ni wakali, na kidonda kidogo juu ya kifundo cha kidole huweza kuwa kimefika kwenye kiungo.

Ukichomwa, osha kwa maji mengi na sabuni, vua pete kabla uvimbe haujaanza, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Kidole kikivimba chote na kukataa kunyooka, chukua kadi yako ya mutuelle, yaani bima ya afya, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya soko, na uombe barua ya kukupeleka Hospitali ya Gisenyi.