Sauti ya Sekunde 65

Kibanda chenyewe hakikuzidi ukubwa wa kibanda cha simu. Nje bembea zinazunguka, muziki unalia, watoto wanapiga mayowe. Ukiingia na kufunga mlango, unabaki wewe, maikrofoni na tundu la sarafu. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1940, vibanda hivi vilijulikana kwa jina la Voice-O-Graph. Vilitengenezwa New York na kampuni ya International Mutoscope, vikawekwa kwenye viwanja vya burudani na hata juu ya jengo la Empire State. Kwa senti 35 ulipewa kama sekunde 65 za kusema utakalo.

Sindano ilichonga sauti papo hapo kwenye kisanturi cha inchi sita, kadibodi iliyopakwa laka. Hakukuwa na kufuta wala kurudia. Ukikohoa, kikohozi kimechongwa. Kisanturi kikitoka, unakitia kwenye bahasha na kukipeleka posta.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya Pepsi-Cola iliwawezesha askari kurekodi bila malipo salamu za kupeleka nyumbani. Na walisema nini? Mambo ya kawaida tu: mimi mzima, chakula kipo, nisalimieni fulani. Sisi tuliolelewa na barua za “mimi huku sijambo, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu” tunawaelewa vizuri. Mama aliyeipokea santuri hakuwa akitafuta habari. Alitaka kusikia mwanawe anavyovuta pumzi kabla ya kutaja jina lake.

Linaloniuma ni hili: laka ile ni laini, na kila sindano ya gramafoni inapopita huondoka na chembe ya sauti. Santuri iliyopendwa ndiyo iliyochakaa. Aliyeisikiliza kila jioni, labda kwa sababu mwenye sauti hakurudi kutoka vitani, alikuwa akiimaliza kwa mikono yake mwenyewe. Zilizobaki safi, nyingi ni zile ambazo hazikusikilizwa sana.

Ndiyo maana naithamini kazi ya Profesa Thomas Levin wa Chuo Kikuu cha Princeton, anayezikusanya santuri hizi na kuzihifadhi kidijitali. Sauti za watu wasio na umaarufu wowote, zenye lafudhi za mitaani kwao na vicheko vya aibu, hakuna studio iliyozitaka.

Mwaka 2013, mwanamuziki Jack White aliweka kibanda cha mwaka 1947, kilichokarabatiwa, katika duka lake la Third Man Records mjini Nashville. Mwaka uliofuata Neil Young alitoa albamu nzima, A Letter Home, aliyoirekodi humo. Kabla ya kuimba chochote, anaanza kwa kuzungumza na mama yake, aliyekwishafariki miaka mingi nyuma. Anamsalimia, huku santuri ikikwaruza.