Mbele ya kuhukumu motere, fungua filtre



Mutuka ya koperative ikiharibika, mavuno nayo yanasimama. Mahindi yanabaki depo, panya wanakula, na wanunuzi wa Bunia wanaenda kununua kwingine. Ikikufia njiani jioni, hapa kwetu Ituri kila mtu anajua hatari yake. Ndiyo maana safari hii hatuandiki juu ya mbegu. Tunaandika juu ya filtre ya mafuta ya motere, kile kikopo ambacho wengi wetu tunatupa siku ya kubadilisha mafuta bila hata kukitazama.

Msimu uliopita tulikuwa tunarudi kutoka Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, na mutuka ya koperative moja tunayoisindikiza. Kutoka ziwani hadi Bogoro ni kupanda tu, na mzigo ulikuwa mzito. Katikati ya mlima, motere ikivuta kwa nguvu, taa nyekundu ya mafuta ikawaka. Shofere hakubishana nayo. Alisimama pembeni, akazima. Tulipima mafuta kwa kijiti, yalikuwa kwenye alama. Tukatafuta mutuka ya kutuvuta hadi Bunia.

Fundi wa kwanza alisikiliza motere dakika mbili, akasema: «Kusine zimekwisha. Motere hii imekufa, mutafute ingine.» Kusine ni vile vyuma laini vinavyoshika mti mkubwa unaozunguka ndani ya motere. Komite ikaanza kuhesabu magunia ya kuuza haraka, kwa bei ya chini ya wakati wa mavuno, ili kununua motere ya okazyo. Magunia yale yalikuwa karo ya watoto na mbegu za msimu unaofuata.

Sisi ni maagronome, hatuko mekanisie. Lakini shambani hatuhukumu mahindi kwa kuyatazama kutoka barabarani. Tunafungua moyo wa mmea, tunatafuta kinyesi cha kiwavijeshi kinachofanana na unga wa mbao. Motere nayo inaacha uchafu wake ndani ya filtre. Tukaomba ile filtre ifunguliwe mbele ya watu wote.

Kazi yenyewe si ngumu. Acha mafuta yachuruzike yaishe. Fungua kikopo ukingoni kwa patasi na nyundo. Usitumie msumeno, juu unga wake wa chuma utaingia ndani na kukudanganya. Toa ile karatasi ya kuchujia, ikate, ikunjue. Isafishe na petroli ya taa ndani ya beseni nyeupe, mbali na moto na sigara. Kisha funga sumaku ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, uipitishe polepole ndani ya beseni.

Sumaku ilibeba unga mwembamba tu wa kijivu, kidogo sana. Vipande vya rangi ya shaba hatukuona hata kimoja. Lakini kulikuwa na vitu vya ajabu: nyuzi fupi za kijivu, laini kama minyoo, ukizivuta zinarefuka kama mpira. Mekanisie mwingine, mzee wa kazi, alizifinya kwa vidole akatambua mara moja. Ilikuwa gundi ya silikoni, ile ya kufungia karteri, bakuli la mafuta lililo chini ya motere. Mtu aliyeifunga mara ya mwisho alipaka nyingi kupita kiasi. Ya nje ilifutwa, ya ndani ikakatika na kuanguka ndani ya mafuta.

Kisha akatuuliza swali moja: filtre iko baada ya pompe, kama vipande vidogo vimepita mpaka huku, vikubwa viko wapi? Tukafungua karteri. Krepine, kichujio cha waya ambapo pompe inavuta mafuta, ilikuwa imezibwa zaidi ya nusu. Motere ikienda polepole, mafuta yalitosha. Kwenye mlima, pompe ilivuta bila kupata. Alisafisha krepine, akakagua kusine mbili akiwa huko chini, zilikuwa nzima. Akafunga karteri kwa gundi kidogo, akaweka filtre na mafuta mapya. Magunia yakabaki depo.

Si kila mara habari inakuwa nzuri. Chunguzeni hivi:

Unga mwembamba wa chuma, kidogo: ni kuchakaa kwa kawaida.

Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho na kushikwa na sumaku: kuna chuma kinakulana ndani. Msiendelee na safari.

Vipande vya rangi ya shaba, au magamba laini ya kijivu ambayo sumaku haishiki: mara nyingi ni kusine. Hapo fundi wa kwanza angekuwa na haki.

Vipande vyepesi vinavyong'aa kama sufuria, sumaku haishiki: ni alimini, labda ya pistoni.

Mchanga: angalieni filtre ya hewa na mipira yake. Vumbi letu la kiangazi linapita kwenye tundu dogo.

Mafuta yaliyogeuka kama maziwa: maji yameingia.

Kumbukeni pia: filtre ikiziba kabisa, kuna mlango mdogo unaofunguka ili motere isikose mafuta. Tangu hapo mafuta yanazunguka bila kuchujwa, na ninyi hamuoni kitu.

Basi, kila mkibadilisha mafuta, fungueni filtre mbele ya shofere na mtu mmoja wa komite. Andikeni ndani ya daftari tarehe, kilomita na mlichoona, ili mara ijayo muko na kitu cha kulinganisha. Mafuta ya zamani na ile petroli mliyosafishia, hapana kumwaga shambani wala karibu na kisima. Wekeni ndani ya bido yenye kifuniko. Udongo unaotulisha haujui kujichuja upesi.