Baiskeli ya Bibi Yarudi Barabarani

Katika ghala ya nyumba yetu hapa Malindi, nyuma ya magunia na vitanda vibovu, ilikuwapo baiskeli ya kike aina ya Raleigh, aliyoiacha marehemu bibi yetu, Allah Amrehemu. Kwa miaka mingi tuliihesabu kuwa ukumbusho tu. Mwaka huu, binti yetu alipoanza kufundisha chekechea mwendo wa kilomita tatu kutoka nyumbani, tuliitazama upya kwa jicho la haja. Kila asubuhi alilazimika kupanda bodaboda nyuma ya dereva asiyemjua, jambo ambalo halikumridhisha yeye wala kututuliza sisi. Isitoshe, nauli ilikuwa ikimeza sehemu kubwa ya mshahara wake mdogo.

Baiskeli ya kike haina bomba la juu kati ya kiti na usukani. Iliundwa hivyo ili mwenye vazi refu apande na kushuka kwa staha.

Fundi wa kwanza aliigonga kwa spana, akatushauri tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wa pili, mzee wa makamo ya bibi, aliipindua, akasugua kitovu cha gurudumu la nyuma kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Yakajitokeza maneno Sturmey-Archer, herufi AW na tarakimu 58. Hiyo, alisema, ni gia ya hatua tatu, iliyoundwa mwaka 1958. Kutu ilikuwa imekula ngozi tu. Mifupa ilikuwa mizima.

Alitukataza kuanza na rangi. "Anzeni na kinachosimamisha, kisha kinachobeba. Urembo una siku yake."

Breki zake hazina waya, bali fito za chuma zinazovuta vipande vya mpira vibane rimu kwa ndani. Vipande hivyo vilikuwa vimekauka kama mawe, tukavibadilisha vyote vinne. Tairi zilikuwa na nyufa. Bahati njema, za inchi 28 kwa 1½ zingali zikiuzwa, kwani baiskeli nyingi za mizigo hutumia kipimo hicho. Gololi za magurudumu na pedeli zilioshwa na kutiwa grisi mpya, maana hewa ya chumvi hula chuma mahali pasipoonekana. Gia nayo ilitiwa mafuta mepesi kupitia kitundu chake.

Tukadhani tumemaliza. Siku ya majaribio, binti yetu alikaza mguu, pedeli ikazunguka tupu ghafla, naye akaanguka mchangani. Alhamdulillahi, alichubuka kiganja tu. Mzee hakushangaa. Gia hii ina nafasi tupu kati ya hatua ya pili na ya tatu, na waya wake usipokazwa sawasawa huangukia hapo. Dawa yake ni kuiweka katika hatua ya pili, kuchungulia kwenye tundu la nati upande wa kulia, kisha kukaza waya mpaka bega la kijiti cha ndani lilingane na ncha ya ekseli. Ni kazi ya dakika tano, lakini asiyeijua aweza kuvunjika mkono.

Lilibaki suala la vazi. Tulirudisha kova ya cheni na kufunga wavu wa uzi pande zote mbili za gurudumu la nyuma, ili buibui lisinaswe na njiti. Ndani binti yetu huvaa suruali pana, na pindo hulibana kwa pini. Mvua ikinyesha huenda kwa miguu, kwa kuwa rimu za chuma zikilowa, breki hupoteza nguvu.

Wapo jirani waliouliza iwapo yafaa binti kuonekana juu ya baiskeli. Shangazi yetu mkubwa ndiye aliyejibu: bibi aliipanda hiyo hiyo kwenda sokoni, akiwa na buibui lake, wala heshima yake haikupungua hata chembe.

Ndugu zetu wasomaji, ikiwa ghalani mwenu mna baiskeli kama hiyo, ipindueni na msugue kitovu chake kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Yetu sasa inatoka kila asubuhi saa moja kasorobo, na kengele yake twaisikia mpaka kwenye kona ya msikiti. Rangi bado hatujaipaka.