Chmod Huja Imechelewa

Kwenye seva ya zahanati, mtaalamu wa kompyuta anaketi mbele ya terminali na kuandika amri inayojulikana sana katika kazi hii:

mysqldump zahanati > nakala.sql

Amri hiyo huchota hifadhidata yote, majina ya wagonjwa, namba zao za simu, vipimo na majibu, na kuimimina katika faili moja. Ikimaliza, mtaalamu aliye mwangalifu huandika chmod 600 nakala.sql ili faili lisomwe na yeye peke yake, kisha hufunga kompyuta akiamini siri za wagonjwa zimehifadhiwa. Lakini kwenye mifumo mingi ya Linux, tangu faili lile lilipoanza kuwapo hadi chmod ilipofika, mtu yeyote mwenye akaunti kwenye seva ile aliyeweza kuifikia folda hiyo angeweza kulisoma. Kama kunakili kulichukua dakika kumi, faili lilikaa wazi dakika kumi. Tena aliyewahi kulifungua katika muda huo huendelea kulisoma hata baada ya chmod, kwa sababu Linux hukagua ruhusa faili linapofunguliwa, si kila linaposomwa.

Dawa ni kuamua ruhusa za faili kabla halijaundwa, na amri ya kufanya hivyo ni umask. Ni amri fupi, inaeleweka kwa dakika chache, na bado watu wengi wanaosimamia seva hawaigusi maisha yao yote. Nadhani ni kwa sababu hufanya kazi kimyakimya: haitoi onyo lolote, na kosa lake huonekana siku data ikishavuja.

Tuanze na namba zenyewe. Linux hugawa ruhusa kwa watu wa aina tatu: mwenye faili, kundi lake, na wengine wote. Kila mmoja anaweza kupewa kusoma, ambako huhesabiwa 4, kuandika, 2, na kutekeleza, 1. Faili lenye 640 humruhusu mwenyewe kusoma na kuandika, kundi kusoma tu, na wengine hawapati kitu. Kwenye folda, ile 1 ya kutekeleza maana yake ni ruhusa ya kupita kuingia ndani.

Programu inapotaka kuunda faili jipya, yenyewe hutaja ruhusa inazoziomba. Nyingi huomba 666 kwa faili la kawaida na 777 kwa folda, yaani huomba karibu kila kitu, na kuacha uamuzi wa mwisho kwa mwenye mfumo. Kiini cha Linux hupokea ombi hilo, hutazama umask ya mchakato ulioomba, na kila ruhusa iliyoandikwa katika umask huiondoa. Kinachobaki ndicho faili hupewa. Utaratibu huu ulikuwamo tayari katika toleo la 7 la Unix, lililotoka Bell Labs mwaka 1979, na leo unafanya kazi kwa namna ile ile kwenye Linux na macOS.

Hapa ndipo maelezo mengi hupotosha, maana huwaambia wanafunzi watoe namba moja katika nyingine: 666 ukitoa 022 unapata 644, na 777 ukitoa 022 unapata 755. Majibu hayo ni sahihi kwa bahati tu. Umask hufanya kazi kama kifumbu cha kuchujia tui: huzuia machicha, haiongezi tui, na machicha ambayo hayakumiminwa haina la kuyafanya. Chukua umask 027. Ukitoa 027 katika 666 kwa hesabu ya mfumo wa nane unapata 637, na 637 ingemaanisha kwamba mtu baki kabisa anaweza kusoma, kuandika na hata kutekeleza faili lako. Linux haifanyi hivyo. Ile 7 ya mwisho huwazuia wengine wote wasipate chochote, ile 2 hulizuia kundi lisiandike, na jibu la kweli ni 640. Kwa folda ni 750. Anayetoa namba kwa namba atajikuta anaiogopa umask iliyo salama, au anaiamini ile isiyomlinda.

Kwa sababu hiyo hiyo, usitegemee umask ikupe ruhusa ambayo programu haikuiomba. Umeandika skripti kwenye kihariri, umask yako ni 022, na bado skripti haiendeshwi mpaka uipe chmod +x. Hakuna namba ya umask itakayolibadilisha hilo, kwani kihariri hakikuomba ruhusa ya kutekeleza.

Ukitaka kujua umask yako, andika umask peke yake, nayo itajibu kwa mfano 0022. Ukiandika umask -S itajibu u=rwx,g=rx,o=rx. Angalia vizuri: jibu la kwanza linataja kinachozuiwa, la pili linataja kinachoruhusiwa. Namna hii ya herufi inakubaliwa pia wakati wa kuweka, kwa hiyo umask u=rwx,g=rx,o= ni sawa kabisa na umask 027. Kwenye skripti zitakazosomwa na watu wengine napendelea herufi, kwa kuwa msomaji hahitaji kugeuza chochote kichwani.

Sasa turudi zahanati. Umask ni mali ya mchakato. Kila mchakato unaozaliwa hurithi umask ya mzazi wake, na hakuna mtoto awezaye kuibadilisha ya mzazi. Ndiyo maana umask imejengwa ndani ya ganda lenyewe, ile programu inayopokea amri zetu, kama ilivyo cd: ingekuwa programu ya pembeni ingebadilisha umask yake yenyewe, kisha ife nayo. Urithi huu unatupa njia nzuri ya kubana ruhusa kwa kazi moja tu bila kuvuruga kikao kizima. Weka kazi hiyo ndani ya mabano, na ganda litazaa mtoto wa kuifanya:

(umask 077; mysqldump zahanati > nakala.sql)

Faili litaundwa likiwa 600 tangu mwanzo. Mabano yakifungwa, umask yako ya kawaida iko palepale ilipokuwa.

Kuna mitego miwili katika mstari huo, na yote miwili nimeiona kwenye skripti za watu wenye uzoefu. Wa kwanza ni mahali pa alama ya >. Ukiiweka nje ya mabano, ganda litaunda faili kwanza kwa umask ya zamani, ndipo liendeshe kilichomo ndani, na ile 077 itakuwa imefika baada ya shughuli. Wa pili ni mbaya zaidi, kwani mstari wenyewe unaonekana sahihi kabisa. Kama nakala.sql ya jana bado ipo na ilikuwa na 644, alama ya > haiundi faili jipya. Inafuta yaliyomo katika lile la zamani na kuandika juu yake. Ruhusa hubaki zile zile za jana. Umask haina mamlaka juu ya faili lililokwisha kuwapo. Lifute kwanza, au kila nakala ipe jina lake kwa tarehe:

(umask 077; mysqldump zahanati > nakala-$(date +%F).sql)

Nalisisitiza hili kwa sababu data ya wagonjwa si mali ya zahanati kuichezea. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mgonjwa aliyepimwa hana njia ya kujua nani ana akaunti kwenye seva yetu, sisi ndio tunaojua.

Je, umask ya kila siku iwe ipi? Mifumo mingi huanza na 022, ambayo huwaachia watu wote wasome. Ilifaa kwenye mashine za vyuo ambako kusomeana kazi kulikuwa sehemu ya maisha. Mingine huanza na 002, ambayo huliruhusu kundi kuandika. Hiyo ina mantiki pale kila mtumiaji anapopewa kundi lake mwenyewe lenye jina lake, utaratibu ulioenezwa na Red Hat, kwa kuwa kundi la mtu mmoja halimdhuru yeyote. Lakini iwapo msimamizi wako amewatia wafanyakazi wote katika kundi moja la msingi, 002 inampa kila mfanyakazi uwezo wa kubadilisha mafaili ya mwenzake. Andika id uone kundi lako la msingi ni lipi kabla hujaikubali.

Kwa seva ya ofisi mimi huchagua 027, na 077 huiweka ndani ya skripti zinazogusa siri. Wapo wanaoweka 077 kila mahali, nami naielewa hofu yao, ila ina gharama. Sudo huunganisha umask yako na 022 yake, hivyo 077 hubaki 077. Ukisakinisha kitu kwa sudo pip au ukinakili programu kwa sudo cp, watumiaji wengine wanaweza kushindwa kukitumia, na utatafuta chanzo mchana kutwa. Kurasa za tovuti zilizoundwa kwa 077 nazo hazisomeki na programu ya seva ya wavuti inayoendeshwa kwa akaunti nyingine.

Tatizo la upande wa pili ni folda ya pamoja. Watu wanne wanashirikiana kwenye /srv/habari, mmoja anaunda faili, wenzake wanashindwa kulihariri. Kwa hasira mtu anaandika chmod -R 777, na sasa hata asiyehusika anaweza kufuta kazi yao. Naomba amri hiyo isiandikwe tena kwenye seva yoyote yenye kazi za watu. Kinachotakiwa ni hivi:

chgrp habari /srv/habari
chmod 2770 /srv/habari

Ile 2 ya mbele hufanya kila faili linaloundwa humo lichukue kundi la folda, yaani habari, badala ya kundi la aliyeliunda. Kisha kila mmoja atumie umask 007 anapofanya kazi humo, na kundi litaandika huku wengine wakizuiwa. Wakisahau umask, na watasahau, iko njia imara zaidi:

setfacl -d -m g:habari:rwX /srv/habari

Hizo ni ruhusa za awali zilizofungwa kwenye folda yenyewe. Zikiwapo, Linux haiangalii umask kabisa kwa mafaili yanayoundwa humo. Kwa timu yenye watu wanaoingia na kutoka, hili ndilo ningelitumia kwanza.

Umask unayoiandika kwenye terminali hufa kikao kikifungwa. Ukitaka idumu, iandike kwenye .profile au .bashrc iliyoko nyumbani kwako. Msimamizi anayetaka iwahusu wote hutumia /etc/login.defs pamoja na mfumo wa PAM. Usidhani, hata hivyo, kwamba kazi zinazoendeshwa na cron zinasoma .bashrc yako. Hazisomi. Skripti ya usiku inayohifadhi nakala iwe na mstari wa umask juu kabisa, kabla ya amri nyingine yoyote. Huduma za systemd nazo huanza na 0022 mpaka uandike UMask=0077 kwenye sehemu ya Service ya faili lake. Na kama una shaka na mchakato unaoendelea kufanya kazi sasa hivi, Linux kuanzia toleo 4.7 la mwaka 2016 huionyesha umask yake: grep Umask /proc/1234/status, ukiweka namba ya mchakato badala ya 1234. Kabla ya hapo programu haikuweza hata kuijua umask yake bila kuiweka nyingine kwanza, kisha kuirudisha.

Programu chache hazikungoji. Ssh-keygen huunda ufunguo wa siri ukiwa 600, na mktemp hufanya hivyo hivyo kwa mafaili ya muda. Cp ikipewa -p hujaribu kuhifadhi ruhusa za faili la asili, na mv haizigusi. Flashi za kawaida za USB zenye mfumo wa FAT hazihifadhi ruhusa za aina hii hata kidogo. Ruhusa unazoziona zimewekwa flashi ilipounganishwa, na umask ya ganda lako haihusiki. Anayebeba nakala za hifadhidata kwenye flashi azifunge kwa nywila.

Kubadilisha umask leo hakugusi lolote lililoundwa jana, kwa hiyo ukishaiweka, fanya ukaguzi wa yaliyopo:

find ~ -type f -perm -004

Amri hiyo huorodhesha kila faili nyumbani kwako ambalo wengine wote wana ruhusa ya kulisoma. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu huunda folda mpya za nyumbani zikiwa na 750, kwa hiyo huenda watu baki hawafiki kwenye mafaili hayo, lakini mashine zilizosakinishwa zamani na kusasishwa tu zinaweza kuwa bado na 755. Amri ls -ld ~ itakuonyesha. Katika orodha hiyo anza na yanayoishia kwa .sql, .csv na .env, kwani humo ndimo zinamokaa data za wateja na nywila za hifadhidata. Yatakayohitaji kufungwa yape chmod go-rwx, na nywila yoyote iliyokuwa wazi kwenye seva yenye watumiaji wengi ibadilishwe siku hiyo hiyo.