Fahamu: Mkaa wa Kilosa, macho ya mjini na ya kijijini

Mtu wa Dar es Salaam akipita barabara ya Mikumi na kuona magunia ya mkaa, huona jangwa linakuja. Lakini jioni anamtuma mtoto dukani akanunue kopo la mkaa. Serikali nayo imeweka mkakati wa 2024 hadi 2034: asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi.

Wilayani Kilosa hesabu ni nyingine. Kuanzia 2012, mashirika ya uhifadhi wa misitu ya TFCG na MJUMITA yalifanya kazi na vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 inayoruhusu kijiji kumiliki msitu wake. Eneo la mkaa hugawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50; kimoja kinavunwa, jirani yake kinaachwa, kama ubao wa drafti. Visiki having'olewi, vichipue. Kitalu hupumzika miaka 24. Ushuru wa mkaa hubaki kijijini: madarasa, zahanati, posho za doria ya msitu.

Ndiyo maana mjini wakidai marufuku ya mkaa, mwanakijiji husikia bajeti yake inafutwa. Bila mapato hayo, kulima ufuta kunalipa kuliko kutunza miti, na shamba likishafunguliwa, visiki navyo huondoka.