Je, Wajua? Sauti na Picha Mahakamani

Je, wajua kuwa kwa miaka mingi mkazi wa Musoma aliyekuwa na shauri Mahakama Kuu alilifuata Mwanza, zaidi ya kilomita 200? Leo Musoma ina Kanda yake ya Mahakama Kuu, na Mahakama ya Rufani nayo huja kuketi hapa.

Je, wajua kuwa kwa desturi hakimu husikiliza, humtazama shahidi na kuandika kwa mkono, yote kwa pamoja? Shahidi hukatiza maneno, akasubiri kalamu imfikie. Maandishi hayo ndiyo mwenendo wa shauri, na rufaa hupimwa kwa hayo.

Je, wajua kuwa kwa sababu tu hakimu hakusaini mwisho wa ushahidi wa shahidi, Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo na kuamuru kesi isikilizwe upya?

Je, wajua kuwa kanuni za Tanzania za mwaka 2021 ziliruhusu mashauri kusikilizwa kwa mtandao na kurekodiwa kielektroniki? Mwaka huohuo, sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Je, wajua kuwa Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia akili unde kugeuza maneno yanayosemwa mahakamani kuwa maandishi? Hakimu akiondolewa mzigo wa kalamu, macho yake hubaki kwa shahidi.

Je, wajua kuwa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoketi Arusha hadi 2015, ilirekodi vikao vyake kwa sauti na video? Kumbukumbu zake zimehifadhiwa hukohuko Arusha.

Je, wajua kuwa Septemba 1, 2017, Wakenya walitazama mubashara Mahakama ya Juu ikifuta matokeo ya uchaguzi wa rais?

Je, wajua kuwa Mahakama ya Juu ya Marekani hurekodi sauti za vikao vyake tangu 1955?

Je, wajua kuwa kurekodi si lazima kutangaza? Hapa Tanzania, ushahidi wa makosa ya kujamiiana hutolewa faraghani, na rekodi yake ilindwe vivyo hivyo.

Je, wajua kuwa shahidi wa kesi ya jinai ana haki ya kusomewa ushahidi wake ulioandikwa? Wewe wa Musoma, Bunda au Butiama, ukitoa ushahidi, omba usomewe. Ukishindwa kesi, omba nakala ya mwenendo mapema. Mashine itasaidia, lakini haki hudaiwa na mwenyewe.