Kioo Kipana cha Kompyuta: Mchana Kazi, Usiku Mchezo



Kuna swali ambalo halikauki siku hizi katika mabaraza yetu ya hapa Rusayl, na hata katika shughuli za harusi wakinamama hulizungumza. Kijana wa nyumbani amepata kazi katika Eneo la Viwanda, au katika mojawapo ya ofisi za Oasisi ya Maarifa iliyofunguliwa mwaka 2003, au bado yuko Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos pale Al Khoudh. Anataka kununua kioo kipana cha kompyuta cha aina ya OLED. Akiulizwa cha nini, hujibu kuwa ni cha kazi. Baba humtazama, kisha huutazama ule mtambo wa michezo ulioko chumbani, na hapo mazungumzo huharibika.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu, na watu wengi hudhani kwamba mwalimu hujua kila kitu, nimekuwa nikiletewa kesi hizi kama kadhi. Nimeona ni bora niandike mara moja, ili baba na mwana wasome karatasi moja kabla ya kutoa pesa.

Kwanza tukielewe kitu chenyewe. Vioo tulivyovizoea, vya LCD, vina taa nyuma yake, na mbele ya taa hiyo kuna nukta nyingi mno zinazofunguka na kufunga mithili ya vibao vya dirisha. Panapotakiwa weusi, vibao hufunga. Lakini mwangaza haukosi upenyo, na ndiyo maana usiku weusi wa kioo hicho huonekana kama majivu. OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta hujiwakia yenyewe na kujizima yenyewe, kama kwamba kila nukta ina mshumaa wake. Panapotakiwa weusi, mshumaa huzimwa kabisa. Aidha, nukta hizo hubadilika kwa kasi kubwa sana, hata gari au mpira unaokimbia katika mchezo hauachi mkia nyuma yake. Kwa mambo haya mawili vijana wana hoja, na mzazi asiwabishie.

Ufundi huu si wa jana. Ching Tang na Steven Van Slyke, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Kodak huko Marekani, waliutangaza mwaka 1987. Televisheni ya kwanza ya namna hii kuuzwa madukani ilitolewa na Sony mwaka 2007, nayo ilikuwa na inchi 11 tu. Kioo kipana cha OLED cha inchi 34 kwa ajili ya kompyuta kilianza kuuzwa mwaka 2022, chini ya jina la Alienware, na tangu hapo kampuni nyingine zimefuata. (Wazee wa Unguja watanisamehe nikikumbusha kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilitangulia nchi zote za kusini mwa Sahara kwa televisheni ya rangi, na kwamba Oman ilianza televisheni yake Novemba 1974. Tulikuwa tukikaa chini uwanjani kutazama, na hapakuwa na aliyeuliza kioo kina inchi ngapi.)

Sasa upana. Kioo cha kawaida kina uwiano wa 16 kwa 9. Hiki kipana ni 21 kwa 9. Kile cha inchi 34 kina upana wa sentimita 80 hivi, na urefu wa kwenda juu wa sentimita 33. Muuzaji hatawaambieni kuwa urefu huo ni sawasawa na wa kioo cha kawaida cha inchi 27; kilichoongezeka ni sentimita 20 za upana. Kwa hiyo anayetoka kwenye kioo cha inchi 32 na kuhamia inchi 34 kipana atashangaa kuona picha yake imekuwa fupi. Ukaribu wa nukta pia ni uleule wa inchi 27: 3440 kwa upana na 1440 kwa urefu. Vipo vya inchi 45 vyenye idadi hiyohiyo ya nukta, nazo zikitandazwa mahali pakubwa herufi huonekana zimekwaruzika. Kwa anayesoma na kuandika kutwa, hivyo vya inchi 45 vyenye nukta chache mimi sivipendekezi hata kidogo. Vipo vingine vya inchi 49, vya uwiano wa 32 kwa 9, ambavyo upana wake unakaribia mita moja na robo. Vyumba vyetu vya Rusayl navifahamu: ukikiingiza kioo hicho, kabati litatoka.

Kwa kazi, upana huu una faida ya kweli. Mhasibu hufungua jedwali lake la hesabu bila ya kulisukuma kulia na kushoto. Mchora ramani za majengo huweka mchoro upande mmoja na maelezo upande wa pili. Mfasiri, na hili nalisema kwa kulijaribu, huweka Kiarabu kulia, Kiswahili kushoto, na kamusi katikati. Hata hivyo, faida zote hizo zinatokana na upana peke yake, wala hazitokani na OLED. Kioo kipana cha LCD hukupa upana uleule, aghalabu kwa nusu ya bei au hata chini ya hapo. Basi kijana anayesema "ni cha kazi" aulizwe kwa upole: kazi gani hiyo inayohitaji weusi wa usiku wa manane?

Na kwa upande wa kazi OLED ina ugonjwa wake. Nukta zinazojiwakia zenyewe huchakaa kwa kuwaka. Zikichakaa zote kwa pamoja, hakuna atakayetambua. Lakini ule ukanda wa chini wenye alama za programu, uliosimama palepale kutwa, huzichakaza nukta za mahali pale zaidi ya wenzake, na baada ya muda kivuli chake hubaki kiooni hata ukanda wenyewe ukiondolewa. Waliotumia kompyuta katika miaka ya 1980 na 1990 wanaujua ugonjwa huu. Vioo vile vya kale vyenye mgongo mkubwa viliungua hivyohivyo, na ndiyo sababu zikabuniwa picha za kurukaruka zinazojitokeza kompyuta ikiachwa peke yake.

Fanyeni hesabu. Saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, ni saa 2000. Kwa miaka mitatu ni saa 6000 za jedwali lilelile, kwa mwangaza uleule. Anayecheza saa mbili usiku, picha ikibadilika kila nukta ya sekunde, hakiumizi kioo kama anavyokiumiza mhasibu. Watu wengi hudhani kinyume chake, kwamba mchezo ndio unaoua kioo.

Hapa naomba akinababa na akinamama wanisikilize vizuri, maana nimeona nyumba mbili zikigombana kwa jambo hili. Kioo cha OLED hujitibu chenyewe. Baada ya kutumika kwa saa kadhaa, kikizimwa kwa kitufe chake, hubaki kimya kwa dakika chache kikizipima na kuzisawazisha nukta zake. Kwa kazi hiyo kinahitaji umeme. Sisi tumelelewa kuzima swichi ya ukutani kila tunapotoka chumbani, kwa hofu ya moto na kwa kuchunga bili. Bibi wa watu akipita usiku akizima swichi kwa nia njema, kioo hakitibiwi. Akifanya hivyo kila siku, doa litakuja mapema. Kijana amweleze bibi yake kwa adabu, na abandike karatasi kwenye soketi ikibidi. Akisafiri kwa wiki mbili, hapo swichi izimwe bila ya shaka.

Upo na mtihani wa jua. Zipo aina mbili kubwa za OLED, moja kutoka viwanda vya LG na nyingine kutoka Samsung. Ile ya Samsung ina rangi za kupendeza mno, lakini haina utando wa kunyonya mwangaza unaoipiga kutoka nje, kwa hiyo katika chumba chenye dirisha kubwa weusi wake hugeuka kijivu chenye kuelekea zambarau. Jua letu mnalijua. Anayefanya kazi mchana mapazia wazi atakuwa amelipia weusi ambao hatauona hata siku moja. Aidha, kioo chote kikiwa cheupe, kama ukurasa wa barua, mwangaza wa OLED hushuka. Zile namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi hupatikana katika sehemu ndogo ya kioo tu.

Jambo la maandishi ndilo lililonishughulisha zaidi. Katika OLED nyingi, vijitaa vyekundu, kijani na buluu ndani ya kila nukta havikupangwa kwa mstari kama katika LCD. Matokeo yake, kingo za herufi huwa na ukungu mwembamba wa kijani au waridi. Vijana wengine hawauoni, wengine huumwa kichwa. Vioo vya karibuni vimepunguza kasoro hii, hasa vile vyenye nukta zilizokaribiana zaidi. Msikubali kuoneshwa filamu ya samaki na maua dukani. Kila kioo hupendeza kikionesha samaki. Nendeni na faili lenu wenyewe: ukurasa wa Kiarabu wenye irabu zote, fat-ha na kasra na shadda, na jedwali moja la tarakimu ndogo. Kaeni mbele yake robo saa. Irabu zikisomeka bila ya kukunja uso, kioo hicho kitafaa kwa kazi.

Kwa upande wa mchezo, mzazi aulize jambo moja: mchezo unachezwa kwenye nini? PlayStation 5 na Xbox hazitoi picha ya uwiano wa 21 kwa 9. Zikiunganishwa na kioo kipana, huacha weusi pande zote mbili, sentimita 10 hivi kila upande kwenye kioo cha inchi 34. Yaani mtu amelipia upana akautupa. Na kwenye OLED hasara ni mara mbili, kwani nukta za katikati huchakaa ilhali za pembeni zimelala. Mwenye mitambo hiyo anunue kioo cha kawaida au televisheni, mambo yaishe. Kioo kipana ni cha anayecheza kwenye kompyuta, tena kompyuta yenye nguvu: nukta za 3440 kwa 1440 zinakaribia milioni tano, na kuzichora mara 175 au 240 kwa sekunde si kazi ya laptopu ya ofisi. Kwa barua na hesabu, mara 60 kwa sekunde zinatosha.

Meza nayo ipimwe kabla ya kioo. Mguu wa vioo hivi hula sentimita 25 hadi 30, na macho yanataka umbali wa sentimita 70 au 80. Meza za sentimita 60 walizosomea watoto hazitoshi, ila kioo kikitundikwa kwenye mkono wa chuma. Kuhusu mpindo, tarakimu 1800 inayofuatiwa na R maana yake ni duara lenye nusu kipenyo cha milimita 1800, nao ni mpindo mpole. Tarakimu 800 ni mpindo mkali. Wachezaji huupenda, lakini mchora majengo ataona kuta zake zote zimepinda.

Tuje kwenye pesa. Tangu tarehe 16 Aprili 2021 kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, hivyo kioo cha rial 300 kisichotiwa kodi huwa rial 315. Kwa kulinganisha, kima cha chini cha mshahara wa raia katika kampuni binafsi kilipangwa mwaka 2013 kuwa rial 325. Wapo wanaokwenda Dubai kutafuta nafuu. Nafuu hupatikana pengine, lakini dhamana nyingi huheshimiwa katika nchi ya ununuzi tu, na boksi la kioo kipana si kitu cha kubeba mpakani mara mbili. Ulizeni kwa maandishi: je, dhamana inataja alama za kuungua, na kwa miaka mingapi? Baadhi ya kampuni huzitaja kwa miaka mitatu, nyingine hukaa kimya, na kimya hicho ni jibu. Anayetaka kulipa kwa mafungu asome karatasi kabla ya kutia saini. Palipo na riba, sote tunaijua hukumu yake, na Oman imeruhusu benki za Kiislamu tangu mwaka 2012, kwa hiyo njia nyingine ipo. Njia iliyo bora zaidi kwa kitu kisichokuwa cha dharura ni kuweka akiba miezi sita.

Hukumu yangu katika kesi zote zilizoletwa kwangu imekuwa hii. Ambaye kutwa yuko mbele ya hati na majedwali, dirisha wazi, na hucheza Ijumaa tu, achukue LCD pana na tofauti ya bei ampe mama yake. Ambaye kioo chake huwaka zaidi baada ya Isha, kwa filamu na michezo ya kompyuta katika chumba chenye kiza, achukue OLED ya inchi 34 kwa moyo mweupe, afiche ule ukanda wa chini, apunguze mwangaza, na aamuru kioo kizime baada ya dakika tano za kuachwa. Wa tatu, anayefanya yote mawili kwa wingi, na awe na vioo viwili: kile cha zamani cha kazi kisitupwe.

Kwa vumbi la malori ya hapa kwetu, kitambaa laini kikavu kinatosha; spiriti na sabuni ya vyombo visiguse. Risiti na boksi viwekwe juu ya kabati mpaka dhamana iishe, kwani kioo kisichokuwa na boksi lake hakirudi dukani kikiwa kizima.